Mazoezi ya Sebuleni

Katika chuo kile cha jioni, shahada ya afya ya akili na tabia haikuwa na jengo lake. Ilifundishwa kwa kuazima. Saikolojia walisomea kwenye jengo la walimu, uuguzi kwenye chumba chenye vitanda vya chuma na midoli ya kuchomwa sindano, ustawi wa jamii ghorofani juu ya maktaba, na sheria popote palipopatikana viti. Wanafunzi walihama na mikoba yao kama wapangaji waliofukuzwa. Mmoja wao, polisi mstaafu ambaye wote walimwita Afande, alisema shahada yenyewe ni shuka la viraka: ukilivuta lifunike kichwa, miguu inabaki nje.

Kulikuwa na mwanamke darasani aliyelipenda shuka hilo pamoja na viraka vyake. Mchana alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka na makoti ya waganga. Jioni alikaa mstari wa mbele. Nyumbani walimwita Dokta. Jina lilianza kama utani wa shangazi yake, aliyesema, "Dokta wetu, nipimie na mimi kichwa, huenda kimeingia mchwa." Kisha likaganda, mpaka mama yake akawa analitumia bila kucheka.

Alichokipenda katika masomo yale ni wazo lililoyabeba yote, kwamba mtu hagawanyiki. Huwezi kutibu usingizi wake ukaacha kazi yake, wala kutibu kazi yake ukaacha nyumba anayorudi. Kila mwalimu alikuwa na jina lake la mtu huyo. Wa saikolojia alimwita mteja. Wa uuguzi alimwita mgonjwa. Wa ustawi wa jamii alimwita mnufaika, wa sheria alimwita mhusika, na wa takwimu hakumwita chochote, alimhesabu tu. Dokta aliwasikiliza wote, na kila walipomtaja mtu wao, yeye alimwona mmoja yule yule: kaka yake.

Kaka yake alikuwa seremala. Mtaani walimwita Randa, kwa jina la chombo alichokipenda kuliko vyote, na kwa miaka mingi hakuingia ndani bila kudondosha maranda kwenye zulia la mama. Halafu, bila mtu kuona ni lini, zulia likawa safi. Alianza kurudi mapema. Kisha akawa anachelewa kwenda. Kisha hakwenda. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na mke aliyekimbia, wala hakuna aliyemdhulumu. Watu wa nyumbani walitafuta sababu kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka, kwa kupapasa. Shangazi alisema ni uvivu. Mama alisema ni uchovu, mbao nazo zinachosha. Randa mwenyewe akiulizwa alijibu, "Sina kitu," na alisema kweli kuliko walivyodhani.

Dokta alilijua jina la hali hiyo tangu muhula wa kwanza: sonona. Kulijua jina hakukumfikisha mbali. Alipomwomba kaka yake waende kliniki, Randa alijigeuza upande wa ukuta.

"Nikaseme nini huko?"

"Useme ulivyo."

"Nilivyo hakusemeki, dada."

Zamani wawili hao waliishi kwa kutaniana. Yeye alimwita kaka yake gogo, naye akamwita mdomo wa cherehani, na siku ikipita bila kutukanana mama aliuliza kama wamegombana. Darasani Dokta alifundishwa namna nyingine ya kuzungumza. Usimhukumu mtu. Usikimbilie kushauri. Mrudishie maneno yake taratibu, ajisikie amesikika. Ilikuwa namna nzuri, na aliona kwa macho yake watu wakifunguka nayo. Akaibeba, akaenda nayo nyumbani.

"Nasikia unasema umechoka," alimwambia Randa siku moja, amekaa ukingoni mwa kitanda.

Randa alimgeukia. "Nimekosa nini hata nikaletewa kasuku?"

"Nasikia kwamba jambo hili linakuudhi."

"Mama," Randa aliita, bila kuinua kichwa, "njoo umtoe ndege wako huku."

Mama alicheka kule jikoni. Dokta pia alicheka, lakini hakuiacha ile namna. Alidhani inahitaji muda tu, kama kiatu kipya.

Mwaka wa mwisho ukaja mtihani wa vitendo. Mwanafunzi aliingizwa chumbani na mtu anayeigiza mgonjwa, mtahini akikaa pembeni, na alitakiwa amhoji mpaka afike kwenye maswali ya usalama: kama mtu huyo ana fikra za kujiua, na kama zipo, zimefika wapi. Maswali hayo yalikuwa na mpangilio wake, na mpangilio ulipaswa kukaa kichwani kama sala. Kwanza Dokta alifanya mazoezi na Afande, lakini Afande hakufaa. Alikuwa anakiri kila kitu kabla hajaulizwa. Miaka yote ile ya kuhoji watu, hakuwahi kujifunza kuhojiwa. Halafu akapata kazi ya ulinzi ya jioni, hata huyo akapotea.

Dokta akawaomba wa nyumbani. Mama alikataa, akisema ukijifanya mgonjwa ugonjwa unaweza kukuzoea. Shangazi alikubali, akaigiza mke aliyeachwa, akalia kwa ustadi mpaka akasahau kwamba anaigiza na kuanza kuwataja watu kwa majina. Mazoezi yakaishia kwa kumtafutia maji.

"Niulize mimi."

Randa alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, shati halina vifungo, nywele zimelala upande mmoja. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipotoka chumbani bila kuitwa.

"Wewe?" Shangazi alifuta macho. "Wewe huigizi, baba."

"Ndiyo maana," alisema Randa, akaketi.

Walianza jioni ile ile. Randa aliigiza dereva wa lori aliyenyang'anywa leseni. Aliketi kama dereva, miguu ameitanua, mkono mmoja ukitafuta gia ambayo haipo. Alijibu kwa ukali, akakwepa, akanyamaza panapostahili. Dokta alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kumuuliza kaka yake kitu chochote, mradi awe mtu mwingine. Kesho yake aliigiza karani wa benki asiyelala. Baadaye mjane, akajitanda khanga ya mama kichwani, na mama aliyekuwa akisikiliza jikoni akacheka mpaka akashika ukuta.

Nyumba ikapata uhai. Randa alianza kuoga kabla Dokta hajarudi. Alikuwa anamsubiri pale kitini, na wakati mwingine alikuwa amekwisha kumtengeneza mtu wake wa siku hiyo, na jina la utani la mtu huyo, na kidonda chake. Mama alijifunza kufunika masufuria polepole ili asikose neno. Siku hizo Dokta alipiga pasi kazini huku akiimba, na wenzake wakamuuliza kama ameposwa.

Seremala haridhiki kuona kabati limesimama. Hutaka kujua limeungwaje. Randa alitaka kujua hivyo hivyo kuhusu maswali. Baada ya kila zoezi aliacha kuwa dereva au mjane, akaegemea mbele.

"Hapa mbona umeniuliza mara mbili?"

"Kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa jepesi mno. Tumefundishwa turudie swali."

"Na nilipojibu lile la pili, ukatulia. Nilikuona mabega."

"Ndiyo. Ukijibu vile, naweza kuendelea. Ungejibu kinyume, ningetoka kwenda kumwita msimamizi, na usingerudi nyumbani siku hiyo."

"Kwa hiyo hapa ndipo kiungo," alisema Randa, na alilisema kama fundi aliyekipata. "Kabati lote limeshikwa hapa."

Dokta alifurahi. Hakuna mwanafunzi mwenzake aliyekuwa ameuona mpangilio ule kwa wepesi hivyo. Akamweleza zaidi: sauti ya mtu inavyosikika anaposema kweli, jinsi ya kumtazama, kwa nini mtu mwenye jambo linalomsubiri mbele anawapa waganga nafuu. Aliposahau kitu, Randa alimkumbusha.

"Na mtu asiyetaka kukaa, afanyeje?" aliuliza siku moja.

"Kukaa wapi?"

"Huko kwenu. Anataka aulizwe, kisha aachwe aende zake."

Dokta alikuwa na kitabu magotini, akili yake yote ikiwa mtihanini, akajibu kama mwanafunzi mzuri anavyojibu. Alimjibu kwa ukamilifu.

Mtihani aliufaulu vizuri kuliko wenzake wote. Mtahini alisema anauliza kama mtu asiyeogopa jibu. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Randa amekaa pale pale, amevaa shati la kola.

"Tumefaulu," alimwambia.

"Hongera, dada." Alimpa mkono, jambo ambalo hawakuwa na desturi ya kulifanya. "Basi kazi imekwisha."

Akainuka, akarudi chumbani. Kesho yake hakutoka, wala siku zilizofuata. Mama aliiacha mito ya kiti cha sebuleni kama Randa alivyoipanga wakati wa mazoezi, akisema pengine atarudi kuigiza.

Dokta alikuwa sasa kwenye mafunzo kazini, katika kliniki iliyojengwa kwa wazo lile lile la shahada yake: muuguzi, mshauri na ofisa ustawi katika chumba kimoja, mgonjwa asizungushwe. Alikuwa anatoka huko mchana mmoja alipokutana na mchomelea vyuma, jirani wa karakana ya Randa.

"Kaka yako ana roho ya pekee," alisema yule mchomelea. "Kanipa vyombo vyake vyote. Randa, patasi, misumeno, hata lile sanduku. Namwambia nikulipe kidogo, anasema chukua tu. Mimi nachoma vyuma, dada, patasi nitazipeleka wapi? Lakini ungeona anavyonibembeleza."

Dokta alimshukuru, akaondoka kwa haraka. Somo hilo alikuwa amelifundishwa kwenye majengo yote, na hapo ndipo walimu wote walikubaliana: mtu anapoanza kugawa vitu alivyovipenda, usisubiri.

Alifika nyumbani na hotuba nzima kichwani. Haikuhitajika.

"Twende kliniki," alisema.

"Twende," alisema Randa.

Kama angekataa, angalau angekuwa yule yule.

Kanuni ya kliniki ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: ndugu hakai chumbani. Dokta aliketi kwenye benchi la ukumbini, mgongo wake kwenye ukuta wa mbao nyembamba, na koti lake la mafunzo amelikunja mapajani. Hakukusudia kusikiliza. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na sauti aliijua.

Muuguzi aliuliza habari ya usingizi na chakula. Ofisa ustawi aliuliza anaishi na nani. Mshauri, kijana mwenye subira, alianza kushuka kwenye ngazi ya maswali, na Randa akashuka naye, hatua kwa hatua. Hakukana kila kitu; mwenye kukana kila kitu haaminiwi. Alikubali huzuni. Alikubali kwamba kuna siku anatamani asiamke. Kisha alipofika pale penye kiungo, alitulia kidogo, kama mtu anayetafuta ukweli ndani yake, akasema, "Kuna watu wananitegemea. Siwezi kuwafanyia hivyo."

Maneno yale yalikuwa ya dereva wa lori. Dokta alikuwa ameyatunga mwenyewe, sebuleni, siku Randa aliposhindwa kumpatia dereva wake sababu ya kuishi. Na kwa kuwa Randa naye alikuwa na mama, na shangazi, na dada, maneno yalimkaa sawasawa. Hakuna aliyeweza kuyaita uongo.

Mlango ukafunguka. Randa alitoka, akafunga kifungo cha shati, akainama kidogo kuelekea benchi.

"Nimepata ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Dokta alimwacha pale, akaingia kwa msimamizi. Alikuwa mama mpole, miwani yake imefungwa uzi, na alikuwa na tabia ya kumsogezea mtu kiti kabla hajaongea naye.

"Anaumwa, hilo tunaliona," alisema msimamizi. "Tutampa dawa na tarehe ya karibu. Lakini hatari ya leo, hapana. Amejibu vizuri."

"Mama, majibu yale ni yangu."

"Kivipi?"

"Nilifanya naye mazoezi ya mtihani. Anayajua maswali yote. Anajua kila jibu linampeleka wapi. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

Msimamizi alivua miwani. "Tuliwaambia msiwatibu ndugu zenu."

"Sikumtibu. Nilimwomba anisaidie kusoma."

Yule mama aliiweka miwani mezani. Hakumkaripia, na Dokta aliona ingekuwa afadhali akaripiwe. "Hatukuwahi kulikataza hilo," alisema mwishowe. "Halikutujia akilini."

"Na vyombo amegawa. Vyote."

"Tumemuuliza. Anasema seremala asiyefanya kazi anaona aibu kuviangalia. Ni jibu la mtu mwenye akili."

"Ndivyo alivyo, mama. Ana akili."

Msimamizi aliinuka, akamrudisha Randa ndani, akakaa naye peke yao. Dokta alirudi kwenye benchi. Safari hii hakusikia maneno, alisikia tu sauti mbili zinazopokezana bila haraka, na mara moja kicheko cha msimamizi. Alipotoka, yule mama alimshika Dokta kiwiko na kumvuta pembeni.

"Nimemgonga kila mahali," alisema. "Kila mahali pamekaza. Siwezi kumzuia mtu kwa sababu amejibu sawa. Nakuamini wewe, lakini kwenye fomu zetu hakuna pa kuiandika imani yangu. Kaeni naye. Msimwache peke yake kwa muda mrefu. Mlete tena hata kama siku yake haijafika. Nawe, mwanangu, usimhoji. Kuwa dada yake."

Dokta alimshukuru. Njiani alikuwa akitafuta jinsi ya kuwa dada yake.

Alijaribu nyumbani, kabla chakula hakijaiva. Aliingia chumbani kwa Randa bila kubisha, kama zamani, akasimama katikati ya chumba.

"Wewe gogo," alisema, "unadhani sisi wote ni mafala? Unagawa vyombo alivyokuachia baba kwa mtu asiyejua hata kupigilia msumari, halafu unakaa hapa unatuchekea? Nitakupiga, nakuambia, na mama atanishangilia."

Sauti ilikatika mwishoni. Kila neno alilimaanisha, na machozi yalikuwa ya kweli.

Randa alimtazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akimtazama kwenye mazoezi.

"Hiyo ni nzuri," alisema. "Hiyo wamewafundisha lini?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Nasikia unasema hakuna aliyekufundisha," alisema Randa, kwa upole kabisa, wala hakuwa anamdhihaki. Alikuwa amechoka tu, na hayo ndiyo maneno yaliyokuwa karibu.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwema. Alimeza dawa mbele yao. Alikuja mezani, akala, akasifu mchuzi, akambishia shangazi mpaka shangazi akatupa kijiko. Alipelekwa kliniki tena, akaenda bila maneno, na huko wakafurahi. Mama alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na alipokutana na jirani alisema mwanawe anarudi. Huenda alikuwa anarudi. Dawa zile huwasaidia wengi. Lakini Dokta alikuwa amefundishwa pia kwamba utulivu unaokuja ghafla una sababu zake, na si zote njema. Alimtazama kaka yake akitafuna, akamtazama akicheka, akatafuta tofauti. Mtu aliyepona angekaa hivi. Mtu aliyekwisha kuamua naye angekaa hivi. Kila alilolijua kuhusu kutofautisha, Randa alilijua pia.

Alipunguza zamu zake kazini, akaacha baadhi ya vipindi. Mahafali yalikaribia, Afande alimletea habari kwamba majoho yamefika na yote ni marefu. Hakwenda kupima la kwake.

Mchana mmoja wa mapumziko mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Randa alitoka chumbani akaketi kwenye kiti chake cha zamani, kile chenye mito, na kumwashiria dada yake akae mbele yake.

"Niulize," alisema.

"Mtihani umekwisha, kaka."

"Najua. Niulize tu. Mama anapenda kusikia." Alikunja mikono ya shati. "Unataka nani? Dereva yupo. Yule mjane yupo pia. Leo naweza kuwa mtu yeyote."

Dokta aliketi. Mikono yake aliiweka magotini, kisha akaona hivyo ndivyo walivyofundishwa kuiweka, akaiondoa, akakosa pa kuipeleka.

"Kuwa wewe," alisema.

Kule jikoni ungo ulinyamaza. Randa hakukasirika. Alilichukua ombi lile kwa uzito, kama alivyozoea kulichukua kila zoezi. Alinyoosha mgongo, akapitisha kiganja usoni, akatazama chini kutafuta pa kuanzia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi katika chumba alichokuwa na hakika anakijua.

"Huyo," alisema mwishowe, "huyo sina mazoezi naye."

Akangoja kidogo, labda akitarajia swali lingine. Dokta alikuwa na maswali yote, kwa mpangilio wake, na hakupata hata moja la kumpa. Randa akampapasa bega alipokuwa akimpita, akaingia chumbani, na mlango akaurudisha taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Mama alichungulia kutoka jikoni, ungo mkononi, tabasamu bado usoni.

"Mbona mmeacha?" aliuliza. "Endeleeni, wanangu. Nilikuwa nawasikiliza."